Siku Tulikula Kwa Wakwe wa Wengine

Hii habari nimeificha miezi mingi, na hata leo nikipita kartie Saio, mutaa moja ya muji yetu, ninajifunika kitenge ku kichwa ili watu wasinitambue, lakini kwa vile wale wenye walikuwa pale wameshaipeleka mpaka ku soko kuu (juzi muuza vitunguu aliniuliza kama ni mimi yule wa "tulipe, tuende"), nimeona afazali niiseme mwenyewe, mucheke mara moja, tuimalize.

Mimi ni Sifa, ninashona nguo mu atelie moja nyuma ya soko. Muchumba wangu Justin ni muuguzi. Sisi wote tulizaliwa hapa Bunia, lakini mama yake, Mama Georgette, alirudiaga Kisangani zamani kwa ndugu zake, na kule kila akifungua redio anasikia Ituri ni vita tu, basi akasema mutoto wake hawezi kuoa na kukaa mu mahali kama hii. Alikuja na ndege kwa siku tatu, juu barabara ilimuogopesha, na alipofika aliniambia bila kuzunguka: "Nimekuja kuangalia na macho yangu. Nikiona hakuna maisha hapa, nyinyi wawili mutanifuata Kisangani." Mimi nikawaza mashini yangu, wateja wangu, mama yangu mwenye kubaki peke yake.

Siku ya kwanza Justin alimuzungusha muzuri: wakatembea boulevard, ile barabara kubwa, yote, wakapanda Mudzipela kuona muji kwa chini, wakasimama ku daraja ya muto Shari. Siku ya pili, ilikuwa jumamosi, Justin akaenda kazi, mama akabaki na mimi. Akaniuliza tu, kwa roho safi: "Sifa, nyinyi watu wa hapa, mukitaka kufurahi munakulaga wapi?"

Hapo ndipo niliharibu. Ningesema ukweli, mambo ingeisha. Lakini nilikuwa nimemusikia Yaya Betty, dada mwenye kunipita miaka mu atelie, akisifu mama fulani mwenye alitoka muji ya Komanda, mwenye kupika mu lupango yake, mu kiwanja ya nyumba yake kule Saio, chini ya bashi, turubai ya buluu, hakuna kibao, hakuna jina, ni samaki ya ziwa na sombe ya majani ya muhogo yenye inakufanya ulambe vidole. Mimi sikuwa nimefika pale hata siku moja. Na bado kinywa yangu ikajibu: "Mama, iko mahali Saio. Ninakulaga pale kila wiki. Wananijua sana."

Mama Georgette akavaa. Mukisikia kuvaa, ni kuvaa: kitenge ya rangi ya zahabu, blauzi yenye mabega ya kusimama, kilemba mpaka juu. Na mimi nikatoa robe yangu, ile gauni ya kuendea ndoa za watu. Tukapanda pikipiki mbili, tukafika Saio, nikaona bashi ya buluu mu lupango moja, moshi inatoka nyuma, sufuria kubwa kubwa, viti ya plastiki imepangwa. Nikawaambia wenye pikipiki, simama hapa. (Kuuliza mutu hata mumoja? Hapana. Mutu mwenye kula pale kila wiki atauliza njia namna gani?)

Ku mulango alikuwa musichana na kikapu ya maua. Akatuangalia, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Nyinyi ni wale wa Komanda?"

Mimi nikafikiri anauliza kama tunatafuta kwa mama wa Komanda. Nikajibu, na kifua mbele: "Ndiyo, ni siye."

"Wanaume wako nyuma?"

Nikamuwaza Justin, mwenye alisema ku telefone atatufuata akimaliza kazi. "Wako njiani," nikamwambia.

Yule musichana alipiga magoti. Akakimbia ndani, na sijui kama mulishaona watu wanapokelewa hivi, wamama wakatoka na vigelegele, wakatushika mukono, wakatupeleka ku viti ya mbele kabisa, yenye ilikuwa na vitambaa nyeupe. Muzee mumoja wa koti ya kijivu akakuja mwenyewe kutumwangia maji ku mikono. Mama Georgette akaniinamia ku sikio: "Kweli wanakujua." Na mimi, badala ya kuogopa, nikajisikia mukubwa.

Lakini mahali ile ilikuwa na mupango wa ajabu. Viti ilikuwa mistari mbili, inaangaliana. Ku mustari yetu tulikuwa siye wawili tu. Ku ile ya mbele yetu watu karibu ishirini walikaa kimya, wamevaa muzuri, wanatuangalia na kutabasamu. Mama akauliza: "Juu ya nini upande yetu hakuna wateja?" Nikamujibu kwamba mimi niliomba watuwekee nafasi. (Uongo ikishaanza inazaa yenyewe.)

Wakaleta soda bila sisi kuomba. Kisha muzee wa koti ya kijivu akasema: "Wenzenu wanachelewa, na nyinyi mumetoka mbali, chakula isipoe, muonje kidogo." Mimi nikaona, tazama, patron wa mahali, mutu wa heshima. Wakaleta samaki, sombe, mbuzi, mboga ya lenga-lenga, ugali ya fufu nyeupe. Tulikula. Siwezi kuwadanganya, tulikula kama watu wenye walifunga wiki muzima. Mama Georgette alilegeza mukanda wa kitenge yake. Na mimi, kwa kuonyesha kwamba niko mutu wa pale, nikamuita yule muzee na kidole (na kidole, ndugu zangu, mbele ya familia yake yote) nikamwambia: "Papa, samaki iko muzuri, lakini chumvi ilipungua kidogo. Uwaambie wale wa jikoni."

Muzee akainamisha kichwa: "Mutusamehe, wakwe."

Nikashangaa kidogo juu ya ile neno wakwe, lakini nikajiambia labda Yaya Betty alishamupasha habari kwamba ninakuja na mama mukwe wangu. Mutu mwenye hataki kujua ukweli, akili yake inamusaidia sana.

Tulipomaliza, nikapangusa mikono, nikasimama, nikafungua sakoshi yangu kutoa pesa na nikasema kwa sauti yenye kila mutu alisikia: "Papa, tunashukuru. Sasa mutuambie ni ngapi, tulipe, tuende, juu tuko na safari ingine."

Bibi mumoja akaweka mukono ku kinywa. Mwanamuke mwenye alikuwa anapita na sahani akasimama katikati. Muzee wa koti ya kijivu akasimama polepole, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mutu mwenye kuumia.

"Wakwe," akasema, "siye hatuuzi mutoto hivi. Tumepoteza mashamba, tumepoteza nyumba, lakini binti yetu hatukumuleta ku soko. Hata jina ya kijana hamujatuambia bado."

Nikauliza: "Binti gani?"

Na wakati ileile pikipiki tano zikaingia mu lupango, wanaume na wamama wamejaa vumbi mpaka ku nyusi, kijana mumoja wa kravati ku shingo akiwa katikati, na mwenye alikuwa mbele akaomba musamaha, lori ilikwama mu matope na kufunga barabara, wao ni familia ya kijana, wametoka Komanda asubui.

Watu wote wakageuza macho kwetu. Mulango ilikuwa nyuma ya zile pikipiki, kwa hiyo hakukuwa na kukimbia. Mama Georgette aliniangalia, akaniuliza polepole: "Sifa, hapa ni wapi?"

Basi nikasema. Nikasema yote mbele ya watu wote, na machozi: kwamba nilifikiri ni resto, kwamba sikuwahi kula pale, kwamba hata Saio ninaijua kidogo tu, kwamba nilidanganya mama wa muchumba wangu juu niliogopa ataona muji yetu haina kitu na atatuondoa. Nikamwomba yule muzee anisamehe, zaidi juu ya kidole na juu ya chumvi.

Hakuna mwenye alicheka. Mwanamuke mumoja akatoka jikoni, amejifunga kitambaa ku kiuno, mikono yake ingali na unga. Alikuwa mama wa binti. Akanisogelea, akaniangalia robe, akaniangalia uso.

"Siye tulikimbia vita kule upande wa Nizi na nguo ya mwili tu," akasema. "Tangu tufike hapa, watu wanakujaga kutuhurumia, wanatuletea sabuni, wanarudi. Wageni wa kukaa na kula sahani yangu, nyinyi ndio wa kwanza. Sasa nikufukuze namna gani, na umeshakula?" Kisha akaongeza: "Na ile chumvi ni kweli. Nililia nikipika, juu binti yangu anaenda, nikasahau."

Hapo ndipo bibi mwenye alifunika kinywa alishindwa, akaanza kucheka, na muzee wa koti ya kijivu akamufuata, na wale wa Komanda wakacheka bila kujua ni juu ya nini.

Mama Georgette hakucheka. Alisimama, akafungua kile kilemba chake cha zahabu, akakikunja, akakiweka ku kiti, akauliza: "Jikoni ni upande gani? Wakwe wenyewe wamefika na tumekula sehemu yao." Akaenda kusonga fufu. Mimi nikapewa sufuria za kusugua, na nilizisugua mpaka jioni, robe yangu ya ndoa za watu ikawa nyeusi mpaka ku magoti. Kutoka pale nilimuona binti akiletwa nje, nikamuona yule kijana wa kravati akisahau maneno yake yote, nikasikia vigelegele, vya kweli sasa. (Mama wa Komanda wa ukweli anaishi lupango ya tatu kutoka pale. Ile siku alikuwa amefunga kazi, alienda matanga.)

Tulirudi kwa miguu, siye wawili tu, juu Justin kazi ilimushika mpaka usiku. Nilingoja hukumu njia yote. Karibu na nyumbani Mama Georgette akasema tu: "Kesho, mbele ndege yangu iruke, unipeleke kwenye unakulaga kweli."

Kesho yake nikamupeleka. Ni benchi ya mbao nyuma ya soko, mama mumoja anauza maharagi na ndizi ya kupika, unakula sahani ku magoti, kuku wanapita chini ya miguu yako. Niliona haya. Yeye akakaa katikati ya wafundi wa pikipiki, akala, akaomba ya pili, akauliza yule mama anaweka nini mu maharagi, wakaongea mpaka nikawaza atakosa ndege. Kisha akatoa telefone, akamuita Justin mbele yangu.

"Oa hapa," akamwambia. "Watu wenye wanaandaa harusi namna ile, baada ya mambo yenye waliona, hawaishi mu mahali pa kufa. Lakini huyu wako usimutume kunitembeza tena peke yake."

Tulioana, na meza ya kwanza tuliwapa wale wa Saio. Uongo sijaacha yote, siwezi kuwadanganya tena. Lakini mahali yoyote yenye kuwa na bashi na sufuria, hata kama ninaona menyu ku ukuta na bei yake, sikai kama sijauliza: "Samahani, hapa munauza chakula, ao munaoza binti?"