Mzee Mwenye Kofia Nyeusi

Juzi, kwenye kaunta ya vifurushi ninakofanya kazi mjini Kakamega, karani mpya aliinua kifurushi na kuita kwa adabu, "Mzee mwenye kofia nyeusi."

Wazee wanne walisimama. Wa tano aliendelea kutazama ukuta.

"Mteja huitwa kwa jina, dada," msimamizi alisema. "Ita, ama urudi kwenu."

"Siwezi, madam. Ni baba ya bwanangu."

Foleni ilimwelewa, maana kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Msimamizi, mgeni hapa, akachukua karatasi ya kumfuta kazi.

Chuoni nilifundishwa jinsi karani anavyomhudumia mteja, si mteja anavyomwokoa karani. Yule wa tano alivua kofia, akauambia ukuta jina lake kwa sauti kubwa:

"Makokha."