Vimulimuli Kabla ya Mvua

Fundi cherehani wa Mkokotoni hajawahi kushindwa kwa maneno. Hushona amebana pini midomoni, na ukimsemesha hukujibu kwa upande mmoja wa mdomo, bila kuinua macho. Vidole vyake viwili vina manjano. Mwenyewe husema ni rangi ya uzi. Neno lake kubwa ni moja: vimulimuli havitoki mpaka mvua ya masika iishibishe ardhi. Kila mwaka Bi Mwanakheir, jirani yake aliyepakana naye ua, huapa kaona kimoja mapema, na kila mwaka fundi hutikisa kichwa. “Bado. Ni macho yako hayo, bibi.”

Mwaka ule Ramadhani iliangukia ndani ya masika, na mvua ikachelewa. Jioni moja wingu lilitanda bila ya kunyesha, giza likaitangulia adhana ya magharibi. Bi Mwanakheir alikuwa akiepua muhogo wa futari alipoona kimwanga kikiwaka na kufifia kwenye migomba ya fundi. Furaha ikampanda kichwani. “Fundi wee! Njoo uone! Vimulimuli nshaviona, tena migombani kwako!”

Kimulimuli kikazimika. Kisha kikakohoa. Migomba ikatikisika, akatoka fundi, mikono mgongoni, kofia imekaa upande. Alimtazama Bi Mwanakheir, akautazama msikiti uliokuwa bado kimya, akashusha macho.

“Naam, Bi Mwanakheir,” alisema taratibu, “mwaka huu vimewahi,” na kila neno likatoka na moshi wake.