Jiko chini ya darasa la tatu

Saa mbili kasoro robo asubuhi mashine ya kukandia unga bado inanguruma, lakini Lavonne Sedlacek haiangalii. Anaangalia dari.

Juu ya dari hiyo kuna darasa la tatu. Taa inayoning'inia inatikisika kila bakuli la mashine linapozunguka, na nyayo za watoto zimeanza kusikika.

"Chayo, tuna dakika ngapi?"

"Tano. Na unga bado uko kama uji."

"Zima."

"Bosi, huu ni unga wa mikate mia nne!"

"Zima, nimesema. Tutaumalizia kwa mikono."

Rosario Villalpando, ambaye jikoni wote humwita Chayo, anakibonyeza kitufe kwa kiganja. Kimya kinaingia. Wanawake wanane wanakunja mikono ya mashati na kulizunguka bakuli.

Ni Alhamisi ya mtihani. Juu, watoto wa darasa la tatu wa Shule ya Msingi Kottmeyer wanafanya mtihani wa kusoma wa jimbo la Nebraska. Chini, tanuri moja kati ya matatu limegoma kuwaka tangu alfajiri na kazi yote imechelewa.

Hakuna aliyemwagiza Lavonne azime mashine. Miaka sita iliyopita mwalimu mmoja alishuka ngazi na kumwambia kwamba mtoto amenyoosha mkono katikati ya mtihani na kulalamika kuwa meza yake inatetemeka. Tangu hapo, siku za mtihani, mashine huzimwa kabla watoto hawajakaa. Mzazi aliyewahi kumwekea mtoto vitabu mezani huku mashine ya kufua inazunguka upande wa pili wa ukuta anajua kwa nini.

Lavonne ana miaka hamsini na saba. Aliingia jiko hili akiwa na thelathini na mmoja, baada ya mumewe, Duane, kuumia mgongo katika kiwanda cha nyama. Leo ndiye mpishi mkuu. Analipwa dola ishirini na moja kwa saa, na miezi ya kiangazi, watoto wakiwa likizo, halipwi kitu. Miezi hiyo hukata nyasi makaburini.

"Huko angalau hakuna anayelalamikia chumvi," anasema.

Jiko lake halilishi Kottmeyer peke yake. Linalisha shule zote saba za mji wa Orvell, chakula elfu mbili na mia sita kila siku. Leo ni maharage mazito ya nyama ya kusaga na mkate wa mdalasini, na Alhamisi bila vitu hivyo viwili kwenye sinia moja wazazi wangepiga simu.

Magari sita hupakiwa kwanza. Watoto wa Kottmeyer, ambao harufu ya mdalasini huwafikia tangu asubuhi, hula mwisho. Ukumbi wao wa michezo ulijazwa majokofu ya jiko miaka tisa iliyopita, kwa hiyo mazoezi ya viungo wanafanyia kwenye korido.

Sasa kuna mpango wa kuifunga shule yao.

Mwezi Februari bodi ya shule ilitoa jedwali la kulinganisha shule zake. Kottmeyer, iliyo kusini mwa reli, inatumia dola elfu kumi na tano na mia nne kwa kila mtoto, na watoto thelathini na wanne kwa mia ndio wanaosoma kwa kiwango kinachotakiwa. Prairie Crest, iliyo kaskazini kwenye nyumba mpya, inatumia elfu kumi na mbili na mia tatu. Wanaosoma vizuri ni sabini na watatu kwa mia.

Jimbo limeiweka Kottmeyer kwenye kundi linaloitwa Inahitaji Msaada. Msaada ambao bodi imeufikiria ni kuifunga, kuwapandisha watoto basi kwenda kaskazini na kuyafanya madarasa kuwa stoo. Jiko litabaki hapo hapo. Kura inapigwa jioni hii.

Mwalimu mkuu wa Kottmeyer, Marcus Tillery, anasema jedwali halina uongo ila limechanganya mambo. Kanuni ya wilaya humhesabu kila mfanyakazi kwenye jengo anapoingilia kazini. Wapishi kumi na wanne wanaingilia Kottmeyer. Gesi yao, magari yao na matengenezo ya tanuri vyote vinaandikwa Kottmeyer.

"Kwenye karatasi watoto wangu mia mbili na kumi na wawili wana wapishi kumi na wanne, kama wafalme," anasema Tillery. "Ukiliondoa jiko, tunabaki na elfu kumi na moja na mia tano kwa mtoto. Chini ya Prairie Crest. Nimeieleza ofisi mara mbili. Wanaitikia kwa kichwa, wananishukuru, basi."

Tofauti iliyobaki, anasema, ni walimu. Wa Prairie Crest wamekaa miaka kumi na tano na mishahara yao imepanda. Wa Kottmeyer wengi wako mwaka wa kwanza au wa pili. Wakishajua kazi, wanahama.

Tillery atasema hayo tena leo. Lavonne naye ameomba dakika tatu za kuzungumza mbele ya bodi, na ndiyo maana mezani kwenye unga kuna ugomvi. Unafanyika kwa kunong'ona, kwa sababu ya watoto wa juu.

"Kwa hiyo kweli utasimama," Chayo ananong'ona.

"Nitasimama."

"Uwaambie jiko ndilo linalokula hela."

"Niwaambie jiko linalisha shule saba na linahesabiwa kwa moja."

"Ni yale yale. Gordon Pfeil wa bodi anaitaka ile kampuni ya chakula ya Omaha tangu mwaka juzi. Chakula kimegandishwa, wanakipasha moto, wanawake wawili wanatosha. Wewe unamletea kisu, tena umekinoa."

"Shule ikifungwa, Chayo, tutakuwa tunapika chini ya stoo."

"Tutakuwa tunapika, Lavonne!"

Kila mtu mezani anainua macho. Chayo akiacha kusema "bosi", mambo yameharibika.

"Mwanao Mateo yuko hapo juu sasa hivi," Lavonne anasema. "Anaandika mtihani."

"Usimtaje Mateo. Mateo atapanda basi. Mimi nikikosa kazi, atalipanda bila kunywa chai. Wewe nyumba yako umemaliza kulipa. Mimi gari tu bado linanidai miaka mitatu."

Lavonne anainama mezani. Anakata unga, anauviringisha, anakata. Mikate ya mkono inatoka midogo kuliko ya mashine. Hakuna muda wa kuirekebisha.

Mkutano wa bodi ulifanyika saa moja jioni katika ukumbi wa michezo wa Prairie Crest, kwa kuwa ndio wenye viti vya kutosha. Sakafu yake inang'aa. Wazazi wa kusini walikaa upande mmoja, wa kaskazini upande wa pili, ingawa hakuna aliyewapanga.

Baba mmoja mwenye kofia ya kampuni ya mbegu alizungumza mapema. "Sina chuki na mtu," alisema. "Lakini tunawapa elfu tatu zaidi kwa kila mtoto na bado hawasomi. Mpaka lini?"

Upande wake ulipiga makofi. Mama mmoja wa kusini alipaza sauti, "Hizo elfu tatu uliziona wapi, kaka? Mimi choo cha pale mwanangu ananiambia hakina mlango!"

"Utaratibu, tafadhali," alisema Pfeil, mwenyekiti wa bodi, mwenye miaka thelathini na sita.

Tillery alisoma hesabu zake zote. Zilikuwa sahihi, na watu wakatoa simu zao na kuanza kuzichezea.

Kisha aliitwa Lavonne, ambaye watoto humwita Bi Von. Alikuja na shati la jikoni na unga kwenye kiwiko. Hakuwa na karatasi. Aliugeukia ukumbi badala ya bodi, jambo ambalo halikatazwi ila halifanywi.

"Nani amekula mkate wa mdalasini leo mchana?"

Watoto waliokuja na wazazi wao walinyoosha mikono, upande wa kaskazini wengi zaidi.

"Wewe wa sweta nyekundu. Ulikuwaje?"

"Mtamu, Bi Von! Ila mdogo."

Ukumbi ulicheka.

"Mdogo kwa sababu tumeukanda kwa mikono. Leo ni mtihani, na mashine yetu inatikisa darasa la Kottmeyer lililo juu yetu. Hapa Prairie Crest, wakati wa mtihani, kuna kinachotikisa?"

Hakuna aliyecheka tena.

"Mkate huo umeula wewe, lakini kwenye jedwali umeandikwa umeliwa Kottmeyer. Mshahara wangu umeandikwa Kottmeyer. Gesi, magari, yule fundi wa tanuri, wote Kottmeyer. Na wale watoto wanakula mwisho, na wanaruka kamba kwenye korido kwa sababu ukumbi wao umejaa kuku wenu waliogandishwa. Mkizitafuta zile elfu tatu za zaidi, msiwaulize wao. Mmezila mchana."

Upande wa kusini ulisimama. Pfeil aligonga meza na kusubiri kelele ziishe. Kisha akauliza taratibu, kama mtu aliyeona mlango umeachwa wazi.

"Bi Sedlacek, kwa hiyo unatuambia jiko lako ni ghali."

Chayo alikuwa nyuma kabisa, amesimama na koti. Alifumba macho.

"Nakuambia lihesabu jiko kama jiko," alisema Lavonne. "Lipe mstari wake. Ukiliona ghali, njoo uniambie mimi. Usiwatume watoto walipe kwa shule yao."

"Hilo si jibu. Ni ghali au si ghali?"

"Sijui, Gordon. Hujawahi kulihesabu. Nilikupakulia chakula ukiwa darasa la nne na kila Alhamisi ulikuwa ukila mkate na kuyaacha maharage. Naona bado unachagua unachotaka kwenye sinia."

Watu waliangua kicheko. Pfeil hakucheka, na taa nyekundu ya kuonyesha muda umekwisha ikawaka.

Kura ilikuwa nne kwa tatu. Uamuzi wa kuifunga Kottmeyer umesogezwa hadi Juni, na ofisi imeagizwa kutengeneza jedwali jipya ambalo jiko lina mstari wake. Katika azimio hilo hilo, kwa pendekezo la Pfeil, kampuni za chakula zimealikwa kuleta bei zao.

Lavonne alipata alichokiomba, na Chayo alipata alichokiogopa.

Kwenye maegesho Lavonne alisimama kumsubiri Chayo, ambaye humpa lifti kila siku. Gari la Chayo lilimpita bila kupunguza mwendo. Duane alikuja kumchukua kwa pikapu yake.

"Nilitegemea anitukane," anasema Lavonne. "Kutukanwa ningekuweza."

Usiku huo hakujidanganya. Anajua jiko lenye mstari wake ni jiko linaloonekana, na kinachoonekana kinaweza kukatwa. Amecheza na riziki ya wanawake kumi na watatu waliomfuata miaka yote hii, bila ruhusa yao. Anasema hivyo mwenyewe, bila kuulizwa. Anasema pia kwamba angefanya tena.

"Ningekaa kimya, tungepona. Halafu kila asubuhi ningeingia kwenye jengo lile na kupika chini ya vyumba vitupu. Kwa sababu ya hesabu yangu mimi. Hapana."

Mpango anao. Bodi imekubali kupokea bei ya jiko lenyewe pamoja na za kampuni, na Lavonne anataka wapishi waiandike pamoja, mezani, kila mmoja akijua kilichoandikwa. Anataka pia gereji ya zamani ya mabasi, iliyokaa tupu karibu na reli, ifanywe jiko. Majokofu yatoke. Watoto warudishiwe ukumbi wao.

"Nina ndoto ndogo sana," anasema. "Siku moja niiwashe hiyo mashine saa nne ya asubuhi, ingurume inavyotaka, na nisiangalie dari."

Ijumaa ni siku ya pili ya mtihani, somo la hesabu, na unga ni wa piza. Tanuri bovu bado bovu. Chayo anaingia saa kumi na moja alfajiri, anatundika koti, anafunga aproni. Hasalimii mtu.

Kwa karibu masaa matatu hakuna neno kati yao zaidi ya "nipishe" na "moto". Lavonne anamweleza kila mmoja kuhusu bei wanayopaswa kuiandika. Wengine wanaitikia, wengine wanasema watafikiri. Chayo anaendelea kukuna jibini kana kwamba hasikii.

Saa mbili inakaribia. Lavonne amepiga magoti mbele ya tanuri bovu, kichwa ndani, bisibisi mkononi. Mashine inanguruma. Juu, viti vinaanza kuburutwa.

Anajitoa haraka, anajigonga kichwa, anafungua mdomo kupiga kelele.

Mashine inanyamaza.

Chayo ameshaondoa kiganja kwenye kitufe na amekwishaingiza mikono kwenye bakuli hadi viwiko.

"Unashangaa nini, bosi?" ananong'ona. "Mateo yuko juu. Njoo ukande."