Sufi Masikioni mwa Mjomba

Enzi zetu sinema ilisikika kwanza, kuonekana kulikuja baadaye. Ulianza mngurumo wa gari la sinema kutoka upande wa Pugu, injini ikilia kwa kupanda kilima, ikikohoa kwenye kona, halafu ikinyamaza kana kwamba imekata roho. Sisi tuliokuwa tukicheza rede nyuma ya nyumba tulisimama wima, mpira wa majani makavu ya mgomba mkononi, hatuthubutu hata kupumua. Ikianza tena, na ndani ya mngurumo ule tukasikia santuri ikiimba kwenye kipaza sauti, basi mchezo umekwisha, na aliyekuwa anashindwa ndiye aliyekimbia wa kwanza kwenda kutangaza habari.

Siku hiyo Kisarawe nzima iliharakisha mambo. Bada, ugali wetu wa muhogo, ilisongwa mapema, kisamvu kikaliwa kabla hakijaiva vizuri, mwalimu wa chuoni akatufungulia bila hata kusikiliza sura ya mwisho. Jua lilipozama, shuka jeupe lilikuwa limekwisha kufungwa kati ya nguzo mbili uwanjani. Waliochelewa walikaa upande wa nyuma wa shuka, na huko watu wote wa kwenye sinema walikula kwa mkono wa kushoto. Mama alitukataza kabisa kukaa huko, tusije tukajifunza adabu mbaya.

Vijana wa leo wanaingia kwenye majumba ya sinema ya Dar es Salaam, wanatoka wamechana nywele kama yule waliyemwona, na ukiwauliza filamu ilikuwaje wanakujibu, "Nzuri sana, bwana!" Nzuri kwa lipi? Hawajui. Kwetu jibu kama hilo lisingepita, kwa sababu kwetu alikuwapo Mjomba Sefu.

Mjomba Sefu, kaka yake Mama, alikuwa mshona magodoro, na kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu. Waliomletea sufi kutoka Marui na vijiji vingine walijua kuinyunyizia maji ili iwe nzito, au kuficha mbegu katikati ya gunia. Kwa hiyo yeye hakuangalia gunia linapendezaje. Alilitumbukizia mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa, kisha akatamka, "Kavu," au "Imelowa." Likitoka hilo la pili, muuzaji hakubishana. Alijitwika gunia lake akaenda.

Sinema aliipima hivyohivyo. Siku ya kwanza aliketi mbele na watu, lakini masikio alikuwa ameyaziba kwa sufi, vipande viwili alivyovifinyanga vizuri kwa vidole. Alitaka macho peke yake. Kesho yake gari lilipohamia kijiji kingine na filamu ileile, Mjomba alipanda baiskeli akalifuata, akaketi ameligeuzia shuka mgongo, macho amefumba, akimsikiliza mkalimani. Siku ya tatu alikaa barazani kwake, sindano ndefu mkononi, na watu wakaja kusikia hukumu. Kama macho na masikio yamekubaliana, filamu ni kavu. Yakihitilafiana, imelowa.

Nakumbuka filamu ya wakulima wawili, mmoja mvivu na mmoja hodari. Sote tuliuacha uwanja tumeazimia kulima mpaka tufe. Siku ya tatu Mjomba akasema, "Yule mnayemwita mvivu, mmeuona mpini wa jembe lake? Unang'aa kwa jasho la miaka. Huyo hodari wenu jembe lake jipya, mpini bado una magome. Sasa nani amelima na nani amepewa jembe jana?" Watu walishika vichwa. Tangu siku hiyo sikuweza tena kutazama sinema bila kutazama mikono.

Sasa, filamu zile zilisema lugha isiyokuwa yetu, au hazikusema kabisa, na aliyetuambia kinachotokea alikuwa kijana mmoja mwenye kipaza sauti, Bwana Rashidi, mtu wa Kibaha. Sauti yake ilikuwa laini na nzito. Akisema mtu analia, wazee waliguna. Akisema mtu ameanguka, tulicheka kabla hajaanguka. Na dada yangu Mwaju, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kuwekwa ndani kama mwali, alianza kuona kwamba maji ya kisima kilicho karibu na gari la sinema ni matamu kuliko ya kisima chetu.

Posa ikaja. Baba alikubali, Mama alikubali, lakini kwetu neno la mwisho la binti liko kwa mjomba wake. Mjomba Sefu akamwambia mshenga, "Mwambie aje mwenyewe. Nitamtazama siku ya kwanza, nitamsikiliza siku ya pili. Siku ya tatu nitamjibu."

Mama alisema, "Kaka, huyu ni mtu, si sinema."

"Kazi yake ni kuwaeleza watu wanachokiona," Mjomba alijibu. "Huyo ndiye wa kupimwa zaidi."

Rashidi alikuja nyumbani kwetu baada ya sala ya adhuhuri, kanzu nyeupe, viatu vinang'aa licha ya vumbi letu jekundu. Mimi na Dada Mwaju tulikuwa tumejificha nyuma ya mlango wa uani, tumeketi kwenye mkeka, magoti yamegusana.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kaa hapo penye mwanga." Mjomba alichomoa sufi kwenye godoro alilokuwa akilishona, akaifinyanga, akaziba sikio moja, akaziba la pili. "Haya, sema."

"Niseme nini, Mjomba?"

Mjomba alimkodolea macho tu. Mama, aliyekuwa pembeni, alimhurumia. "Sema lolote, mwanangu. Hakusikii. Ndivyo anavyotazama."

Maskini Rashidi alisema. Alieleza kwao Kibaha, mashamba ya baba yake, mihogo, mikorosho, kazi yake ya kuzunguka na gari. Kisha akasema, "Mimi nimezoea watu kulitazama shuka. Leo shuka ni mimi." Dada Mwaju akacheka. Aliziba mdomo kwa kanga, lakini bangili zikalia. Rashidi alisikia. Macho yake yaliruka mpaka mlangoni, yakarudi, yakaruka tena. Aliongeza mzaha mwingine, na mwingine, mikono ikicheza, jasho likimtoka, na kila Dada alipocheka macho yale yaliruka mlangoni. Mjomba aliketi kama aliyefungwa kwa kamba, akiyafuata.

Baadaye Mama alitushika. Alimsuta Dada kwa kicheko kile, na siku ya pili akampeleka kwa jirani kutwanga tangu asubuhi. Kwa hiyo Rashidi alipokuja mara ya pili, nyuma ya mlango nilikuwapo mimi tu, nami sikuwa na bangili. Mjomba aligeukia ukuta akafumba macho. "Sema." Rashidi alisema maneno yaleyale, lakini hayakuwa na chumvi. Alianza sentensi akaiacha katikati, akasikiliza, hakusikia kitu, akaendelea polepole kama mtu anayetembea gizani katika nyumba asiyoizoea.

Jioni Mjomba alituita sote, akatoa hukumu kabla ya kumpa mwenyewe.

"Jana nimemwona mtu mwenye haraka. Macho hayatulii, yanatafuta mlango wa kutokea. Leo nimemsikia mtu anayepima kila neno asije akajikwaa. Hao ni watu wawili, na mmoja wao anaficha jambo. Pengine ana mke Kibaha, pengine ana kubwa kuliko hilo. Imelowa."

Nilikuwa na miaka minane, na mtoto hakuingilia maneno ya wakubwa. Niliingilia.

"Mjomba, hakutafuta mlango wa kutokea. Dada alikuwa nyuma ya mlango wa uani anacheka. Wewe hukusikia, ulikuwa umeziba masikio."

Mjomba alinigeukia taratibu, kama alivyoligeukia gunia la mgeni. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Alikupa nini?"

Rashidi alipotoka mchana ule alinipa peremende nyekundu, kama alivyowapa watoto wote kila gari lilipokuja.

"Toa ulimi."

Nilitoa ulimi. Mama aliinamisha uso.

"Mmeona?" Mjomba alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Hata shahidi amelowa."

Hapo Dada Mwaju akasema, kwa sauti ndogo, "Mjomba, mimi nimemwona na kumsikia kwa pamoja."

"Ndiyo maana hujui kitu, mwanangu."

Nimelifikiria jibu hilo miaka yote hii. Siku hizi nikiingia sinema mjini, rafiki zangu waandishi wakicheka na kulia kwa furaha yao, mimi najikuta nimeziba masikio kwa vidole ili niyaone macho ya mchezaji, kisha nafumba macho ili niisikie sauti yake. Nagundua uongo mwingi. Wenzangu wananisifu kwa jicho kali. Lakini huko nje, kwenye barabara yenye taa, wao wanaimba wimbo wa filamu mpaka nyumbani, na mimi siwezi kuukumbuka. Enzi zile tulikuwa na mtu aliyetumia siku tatu kutafuta kama ameambiwa kweli, na kijana gani leo atatumia hata saa moja? Naitamani subira ile. Naiogopa pia, kwa sababu niliiona ilivyofanya kazi nyumbani kwetu.

Siku ya tatu Rashidi alikuja mapema, saa nne asubuhi. Alisalimia, akaitikiwa, hakukaribishwa kukaa.

"Nimekataa, bwana," Mjomba alisema. "Sina ugomvi nawe."

"Naweza kulijua kosa langu, Mjomba?"

"Silijui. Nimeliona tu."

Mtu yule ambaye sauti yake ilijaza uwanja mzima alimtazama Mama, akamshukuru kwa maji aliyompa siku ya kwanza. Akatoka, akainama kizingitini kuvaa viatu, akachukua muda mrefu kwa viatu vya namna ile, kisha akaanza kuteremka kwenye njia ya mikorosho.

Mjomba aliacha sindano, akainuka, akasogea katikati ya chumba ili aione njia yote. Alinyoosha shingo. "Akigeuka nyuma," alituambia, "tutajua."

Dada Mwaju alitoka uani, akapita mbele ya Mjomba bila kuomba radhi, akaushika mlango wa mbele kwa mikono miwili, akaufunga.