Viungo Vyangu na Farasi wa Mabwana Harusi

Harufu ya farasi haifanani na ya mnyama mwingine yeyote niliyemjua mtaani kwetu Kibokoni. Sisi tulikuwa watu wa paka na punda: paka wanaolala barazani popote penye kivuli, na punda wa kuvuta mikokoteni ya maji, wanaonuka vumbi na uchovu. Farasi alinuka nyasi kavu, jasho tamutamu kama molasi, na ngozi ya tandiko iliyopakwa mafuta. Harufu hiyo niliikuta nikiwa na miaka kumi, nyuma ya bohari moja kule Mbaraki, ambako Mhindi mmoja mfanyabiashara wa mbao alifuga farasi wawili weupe wa kukodishwa harusini. Bwana harusi wa Kihindi akitaka kumwendea mkewe juu ya farasi, na kilemba chake kichwani na ngoma mbele, hupandishwa mmoja wa hao. Dume sikumzoea kamwe, aliuma. Jike aliitwa Rani, na ndiye ninayetaka kumsimulia, yeye na mama yangu.

Nilizaliwa na viungo vilivyolegea. Vidole vyangu vilipinda nyuma mpaka vikakaribia kuugusa mgongo wa mkono. Kidole gumba nilikilaza juu ya kifundo cha mkono bila taabu, na magoti yangu, nikisimama, yalirudi nyuma nikawa kama upinde. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikuwa nimekunjwa kabla sijavuliwa. Shuleni Ganjoni watoto waliniita Mpira, na sikuona vibaya, kwa kuwa kila mapumziko walinizunguka wakanipa mabuyu na achari ya embe ili niwakunjie viwiko. Niliringa kweli. Hakuna aliyeyaona ya jioni, nyayo zikiwaka moto na vidole vikikataa kushika kalamu, wala mwalimu hakuyajua aliposema mbele ya darasa kwamba sina ugonjwa ila uvivu. Nyumbani nikipewa ufagio nilikuwa naketi mara tatu kabla ua haujaisha. Mama hakuniita mvivu hata siku moja. Aliuchukua ufagio mkononi mwangu, akamalizia mwenyewe, kimya, uso wake umefungika. Kimya kile sikukielewa.

Mwaka huo bega langu liliteguka nikianika nguo. Nilijinyoosha tu kuifikia kamba, nikahisi kitu kimetoka mahali pake, kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipiga ukelele. Daktari alilirudisha, akanipinda huku na huku, akamwambia baba kwamba mifupa haina kosa. Kano ndizo zilizolegea, na dawa yake ni misuli. Mtoto atembee, asogee, apate nguvu, ila asianguke. Mama alishika neno moja tu, asianguke, akapiga marufuku kuruka kamba, kukimbia, hata kupanda ngazi ya darini nikiwa peke yangu. Baba alishika yale mengine.

Baba alikuwa karani katika bohari ya majani ya chai iliyopakana ukuta na lile zizi. Aliyewatunza farasi aliitwa Bwana Mutua, Mkamba wa Machakos, aliyewahi kufanya kazi na farasi wa mashindano huko Nairobi kabla ya kushuka pwani. Alikuwa mtu mfupi mwenye matege, mzee wa kanisa, na aliwaimbia farasi wake nyimbo za Jumapili siku zote saba. Jumamosi moja asubuhi baba alinishika mkono, akamwambia mama tunakwenda kunyoosha miguu. Haukuwa uongo hasa, na ndiyo maana ulidumu miezi minne.

"Sabalkheri, Bwana Mutua," baba alisema. "Huyu ndiye binti yangu niliyekwambia, Rukia."

Bwana Mutua hakunitazama usoni, alitazama magoti. Akaniambia nisimame, nichuchumae, nifungue mikono. Kisha akacheka kidogo, bila kejeli. "Huyu ataketi juu ya farasi vizuri kuliko mabwana harusi wote," alisema, "na hapo ndipo penye hatari yake." Akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "Sikiliza, mama. Mtoto mwingine, mguu wake ukifika mwisho, unamwambia basi. Wako hausemi basi, unaendelea tu. Kwa hiyo wewe ndiwe utakayesema, kabla haujafika."

Mpaka leo hakuna mtu aliyenieleza mwili wangu kwa maneno machache kama yale. Alifupisha mikanda ya vikuku vya kutilia miguu, ili magoti yangu yabaki yamekunjika kidogo na yasipate nafasi ya kurudi nyuma. Aliona vidole vyangu vinavyopinda nikizikaza hatamu, akachana leso kuukuu, akafunga vitanzi viwili vya kupitisha kiganja kizima, nishike bila kukamua. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kitu ila kwenda mwendo wa kawaida, kuzunguka ua, yeye ameshika kamba. Nililalamika. "Haraka haraka haina baraka," baba alisema kutoka kwenye kiti chake, naye Bwana Mutua akaitikia "Amina" kama yuko kanisani. Lakini jambo la ajabu lilitokea kule juu. Chini, nilipotembea, kila hatua ilikuwa kazi ya kujikusanya, kama mtu anayebeba mzigo wa kuni usiofungwa kamba. Juu ya Rani, mgongo wake mpana ulinipokea mapajani, joto lake likapenya kwenye nyonga zangu, na kila alipopiga hatua mwili wangu ulilazimika kumjibu, huku na huku, taratibu, mpaka misuli ambayo sikujua ninayo ikaanza kuamka. Jumapili iliuma. Jumatatu ilikuwa na nguvu.

Mwezi wa nne tulianza mwendo wa mbio fupi, ule wa kurushwarushwa, nami nikasahau nililofundishwa. Nilitaka baba aone. Nikaukaza mguu wa kulia, nikaunyoosha mpaka mwisho na kupita mwisho, pia ya goti ikahama. Sikuanguka. Nilisema tu, "Basi," kwa sauti ndogo, na Rani akasimama. Wengine wangesema ni kamba ya Bwana Mutua iliyomsimamisha, lakini mimi nilikuwa juu yake, nami najua alisimama kabla ya kamba kukazika. Alitulia pale, sikio moja limegeukia kwangu, hata mkia hakuutikisa. Baba alitaka kuja mbio, Bwana Mutua akamzuia kwa kiganja. "Rukia, nikushushe au unalirudisha wewe?" Mguu ulikuwa umejikunja; nikaunyoosha polepole, nikaisukuma ile pia kwa kidole, ikarudi. Machozi yalikuja baadaye.

Nyumbani hapakuwa na la kuficha; goti lilikuwa limevimba kama mkate wa bofulo. Bibi, mama mzaa baba, alinilaza kwenye mkeka akaanza kunikanda kwa mafuta ya simsim. Mama alisimama mlangoni. Baba alipomaliza kueleza, mama hakupiga kelele.

"Baba Rukia," alisema, "miezi minne mwanipita hapa mlangoni, mwanambia mwanyoosha miguu?"

Baba akainamisha kichwa. Hapo mama akapandisha mkono wa gauni lake, akakilaza kidole gumba chake juu ya kifundo cha mkono, kama nilivyokuwa nikifanya kwa ajili ya mabuyu. Nilitazama kama ninayeona mkono wangu umekua. Akasema, akinitazama mimi peke yangu, kwamba alipokuwa bibi harusi wa mwezi mmoja katika nyumba ile ile, alinyanyua sufuria la biriani bega likateguka. Alilirudisha mwenyewe nyuma ya mlango wa jiko, akarudi kupakua. Alipoangusha upawa mara ya pili, aliambiwa kwamba mke aliyeletwa ni legelege na mvivu. "Tangu hapo sikusema tena," alisema. "Nilidhani kila mwanamke yuwaumwa hivi, ila wenzangu ni hodari wa kunyamaza."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya goti langu. Maneno yale ya jikoni yalikuwa yake. Alikuwa mwanamke mkali, sijawahi kumwona akirudi nyuma, lakini aliyafuta mafuta kwenye leso yake, akamwita mama aketi karibu naye. "Nilidhani ni deko," alisema. "Nisamehe, mwanangu." Akalishika bega la mama, lile lile, akaanza kulikanda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nyumba yetu mficha alisitirika mpaka siku ambayo goti la mtoto lilimuumbua.

Goti lilipopona, mama alisema atakuja kuona kwa macho yake. Jumamosi hiyo alisimama kando ya ukuta wa zizi, buibui amelikusanya asiguse samadi, akinitazama nikizunguka. Nilikwenda vizuri, magoti yamekunjika, viganja ndani ya vitanzi, nami nilisema basi mara mbili kabla ya kuambiwa. Nilipopita mbele yake mara ya tano niliona midomo yake inahesabu hatua pamoja na Rani. Bwana Mutua naye aliona.

"Mama Rukia," alisema, "na wewe karibu."

"Miye?" Mama alicheka mpaka akaziba mdomo. "Mtu mzima na buibui langu?"

"Farasi hajui buibui. Anajua mkono tu."

Baba alianza kumtetea, kwamba haifai, kwamba hana nguo za kupandia. Mama akainua pindo la buibui, na chini yake alikuwa amevaa suruali ya baba, ile ya kaki ya kazini, imekunjwa miguuni. Alikuwa ameivaa tangu nyumbani! Mimi nikashushwa, naye mama akapanda juu ya sanduku la mbao, kisha juu ya Rani kwa msaada wetu sote watatu na bismillahi nyingi, akaketi. Kwa mzunguko wa kwanza alifumba macho. Mzunguko wa pili aliyafumbua. Mzunguko wa tatu mabega yake, ambayo maisha yangu yote niliyaona yamepandishwa karibu na masikio, yalishuka. Nilimtazama nikajua kwamba mama yangu alikuwa kijana bado.

Tulikwenda wote watatu kila Jumamosi kwa muda wa mwaka na kitu, mpaka yule mwenye farasi alipozeeka na wanawe wakauza kila kitu. Rani alipelekwa bara. Bwana Mutua alikwenda naye kwenye lori, akasema hawezi kumwacha asafiri na wageni, na salamu zake zilitufikia kwa miaka kadhaa kupitia kwa madereva. Pale zizini sasa pana jengo la ghorofa nane.

Leo hali yetu ina jina refu la kitabibu, na mtoto mwenye viungo kama vyangu anaweza kwenda shule na barua ya daktari. Kuna pete za kuzuia vidole visipinde, kuna viatu, kuna karatasi zenye michoro ya mazoezi. Haya yote ni neema, nami siwezi kuyadharau. Lau mama angepata barua moja tu ya aina hiyo alipokuwa bibi harusi, angeokoa miaka mingi ya maisha yake. Lakini karatasi hazina joto, wala hazisimami mtu akisema basi. Mwezi uliopita nilimpeleka mama kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole mwenye fomu ndefu. Alishangaa kwamba mwanamke wa umri wake, mwenye viungo kama vile, bado anapanda ngazi bila fimbo. Akauliza kama aliwahi kufanya mazoezi yoyote maishani.

"Nilipanda farasi," mama alisema.

Yule binti alitabasamu, lile tabasamu tunalowapa wazee wanapotania, akaandika, "Hapana."

Mama aliniangalia tu, akingoja. Nikainama juu ya meza, nikamwomba binti afute, aandike upya.