Nilipima mulima kwa matofari, mama-mukwe akaniamini

Wakuu, jambo yenu. Miye ni muzee wa Kamina. Masomo niliachia mwaka wa tatu, lakini hii haina uwongo, ilinipata mwenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi wa matofari. Kwetu matofari yanatoka mu kichuguu, ile nyumba ya mchwa yenye kushinda mutu urefu. Baba anaizunguka kwa hatua, anachomeka kijiti ndani, anasema, "Hii iko udongo wa tanuru mbili." Na hakosi. Siku moja tu alikosa, jino lilikuwa linamuuma. Tuache jino.

Hiyo njo kazi aliniachia.

Vita ilipofika, miaka ile ya tisini, tulikimbilia mu kijiji ya muke wangu, upande wa Kabondo-Dianda, chini ya mulima. Kiisha inchi ikatetemeka. Nyumba hazikuanguka, lakini kule juu mulima ukapasuka ufa murefu.

Mvua ilikuwa karibu. Batu bakauliza: ikinyesha, udongo gani utashuka? Utafika kwa nyumba? Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama-mukwe wangu, nyuma ya mihogo.

Nikatoka mbele, kifua wazi. Nikazunguka ule ufa kwa hatua, nikatumbukiza muti murefu. Nikasema: tanuru makumi mbili, utasimama kwa mihogo. Bote bakapumua, bakanisifu.

Lakini, wakuu, kichuguu kinakaa pa sawasawa. Mulima umeinama. Hiyo sikufikiri, kweli, vraiment.

Siku mvua ilipiga, ilikuwa asubuhi, bote balienda kanisani, ngambo ya kijito. Miye nilibaki sababu ya goti. Nikaona kipande kinatoka pa ufa, kidogo, nusu tanuru. Kufika chini, tanuru tatu! Njiani kilikuwa kinakomba udongo mwingine, mawe, miti, sawa mugeni anayealika bageni benzake. Nikajua: zile makumi mbili zikitoka, zitapita mihogo.

Na mama-mukwe hakwenda kanisani. Bata wake alikuwa anatamia mayai pa mulango.

Sasa kwetu, na mama-mukwe hauseme uso kwa uso, na kumugusa njo mwiko. Unatuma muke, unatuma mutu. Nikachechemea mpaka pa mulango wake. Pale hapakuwa mutu. Nikageukia bata.

"Weye bata, ambia mama atoke, mulima unakuja."

Mama-mukwe akajibu toka ndani: "Bata, ambia bwana wa binti yangu, yeye njo alisema utasimama kwa mihogo."

"Bata, mwambie nilikosa hesabu."

"Bata, muulize alikosa lini, mbele ya kusifiwa ao nyuma?"

Kule juu kukaanza kunguruma. Nikaingia, nikamubeba mugongoni, goti na yote. Bata alikuwa mu mikono yake, ananidonoa sikio. Nyuma yetu mihogo ikaenda, nyumba ikaenda.

Tukavuka kijito. Batu ba kanisa bote banaangalia, mukwe amebeba mama-mukwe.

Njo nilijifunza: udongo wa mulima usiupime pale tu unatokea. Pima na njia yake yote. Benye mashine za kupimia, andikeni hapa munafanya namna gani. Na benye kujua heshima ya bukwe, semeni kama nilikosa.

Miye siku ile sikungojea jibu. Nilimutula chini polepole. Akainamia bata: "Mwambie asante."

Sikuinua macho kwa haya. Nikashika njia ya Kamina kwa miguu. Muke wangu alinifuata kiisha.

Kule sikurudi tena.