Rubisi Kwenye Kibodi

Baba mdogo alimwaga rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kompyuta yangu kwa makusudi. Mimi sioni, lakini masikio ninayo. Kinywaji kikimwagika kwa bahati mbaya hupiga pwaa mara moja, mtu akaruka, akasema pole. Hiki kilimiminwa taratibu, kuanzia kushoto kwenda kulia, na aliyemimina hakusema pole. Ningekuwa na panga siku ile ningemkata, Mungu anisamehe, na nisingechagua pa kumkata.

Ilikuwa miaka ile ambayo Muleba nzima ilikuwa inazika. Dawa za kurefusha maisha tulizisikia redioni tu, za watu wa mbali. Kaka yangu alikuwa amelala chumbani kwake na ugonjwa huo, na mimi nilimjua kwa kumshika mkono, ambao kila nilipofika niliukuta umepungua.

Huyu ndiye aliyenibeba. Vita vya Amin vilipokwisha tulirudi kwa ndugu za mama, kaskazini ya Bukoba karibu na mto, nikaokota chuma kwenye migomba. Nilikuwa na miaka tisa. Kikanilipukia usoni. Yeye alikuwa na kumi na miwili. Alinifunga macho kwa shati lake, akanibeba mgongoni damu yangu ikimtiririkia shingoni, hadi barabarani kwenye lori la wanajeshi. Kwa hiyo mtu asije akaniuliza kwa nini nilifanya niliyoyafanya.

Kaka alikuwa na mabinti wawili, hana mtoto wa kiume. Kwa ukoo wetu maana yake ilikuwa moja: akishazikwa, mke anarudishwa kwao na watoto wake, na kibanja, yaani nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya wazee, kinakwenda kwa baba mdogo na wanawe. Kaka hakutaka. Alitaka wosia, kibanja kibaki kwa mkewe na wasichana. Hakutaka uandikwe kwa mkono, kwa sababu jirani yetu, mwinjilisti wa Kilutheri, aliwahi kumwandikia mgonjwa mwingine, na ukoo wa yule mgonjwa ukasema huo ni mwandiko wa mwinjilisti, ukauchana mbele ya mjane.

Mimi nilikuwa opereta wa simu na mpiga chapa katika ofisi moja Muleba mjini, na wafadhili walikuwa wamenipa laptopu yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Alasiri tatu mfululizo kaka alinong'ona na mimi nikapiga chapa: mipaka yote, mibuni, majina ya wasichana, na jina la ugonjwa wake, ambalo nyumba ile ilikuwa haijalitamka. Siku ya tatu tulimwita mwinjilisti asikilize. Mashine ikasoma Kiswahili chake cha puani, kama mzungu aliyeshuka kwenye meli asubuhi ile, hata kaka akacheka kwa pumzi yake ndogo. Mwisho akasema, "Ndivyo." Ilibaki kwenda kuchapa karatasi Muleba na kumletea aweke dole gumba.

Kosa lilikuwa langu. Mwinjilisti hajafika hata kwake, baba mdogo akaingia uani na wanawe. Kwetu mkubwa wa ukoo akija kumwona mgonjwa humkalishi sebuleni. Anaingia hadi kitandani, na kibuyu cha kwanza ni chake. Wifi alinivuta kanga, akaninong'oneza tumzuie. Mimi nikajifanya mwenye adabu. Nikamkaribisha, nikamjazia rubisi kwa mkono wangu mwenyewe, laptopu ikiwa wazi juu ya kigoda.

"Mnaandika nini humu?" akauliza.

"Kazi ya ofisi, Tata."

"Umeniona mtoto?"

Ndipo akaimimina ile rubisi. Kisha akamgeukia wifi. "Umemmaliza mtoto wetu, muuaji wewe, sasa unataka na migomba yake." Nikasikia kofi, nikasikia kichwa kinagonga ukuta. Nikakifuata kishindo, nikapata mkono wa mwanamume, nikautia meno, na sikuachia mpaka nilipoonja damu. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Alinipiga ngumi ya sikio, na sikio ndiyo macho yangu, nikaanguka sijui mlango uko wapi. Walipotoka wanawe walianza kufyeka migomba ya karibu na jiko. Nilisikia mapanga yakizama kwenye mashina na mikungu ikianguka chini. Mwenye migomba alikuwa hai, anasikia yote. Alijaribu kusema kitu, akakohoa, na tangu hapo hakusema tena neno.

Kwa hiyo maneno yake yalibaki ndani ya ile mashine tu. Mimi ningekumbuka nusu. Mipaka peke yake ilikuwa na kona kumi na kitu, na ukoo ungenikamata kwenye ile ya kwanza ambayo ningeikosea.

Niliichomoa betri, nikaipindua laptopu juu ya kitambaa. Asubuhi nikairudisha betri, roho mkononi, nikawasha. Ikaimba wimbo wake wa kuwaka. Nikashukuru. Nikasubiri programu iseme. Ikasema "ka", ikanyamaza. Nikabonyeza mshale wa chini. Kimya. Nikadhani spika zimekufa, lakini spika zilizokufa haziimbi. Nikadhani programu imeharibika, nikazima, nikawasha tena. "Ka", kimya. Nilitaka kuibamiza ukutani. Niliinyanyua kabisa, wifi akanishika viwiko.

"Wifi, ukiivunja umemsaidia yeye."

Nikakaa chini. Nikaanza kufikiri badala ya kufoka. Programu ilikuwa inaanza kusema, halafu kuna kitu kinaikata. Na mimi mwenyewe huikata vipi ninapochoka kusikiliza? Nabonyeza kontroli, kile kitufe cha pembeni chini kushoto. Nikakipapasa. Vitufe vingine vilikuwa vinarudi juu nikiviachia. Hiki kilikuwa kimelala, kimegandishwa na sukari ya ndizi, kinaiambia mashine nyamaza, nyamaza, muda wote. Nikaondoa vidole haraka, maana kontroli ikiwa chini, herufi hugeuka kuwa amri. Moja huchagua maandishi yote, nyingine huyakata. Vidole vyangu vingetafuta ovyo vingefuta wosia mzima nami nisisikie lolote. Hapo nilielewa pia kwa nini nisingeweza kumpa mtu wa duka la mjini abonyezebonyeze.

Nikaizima, nikatoa betri tena. Wifi alileta kijiko na chupa ya gongo, na gongo letu hutokana na rubisi ile ile. Nikaingiza mkia wa kijiko chini ya kitufe, nikakibandua. Kilivunjika vijiguu vyake. Sikujali. Nikachovya pamba kwenye gongo, nikasugua pale chini mpaka kidole kilipoacha kunata, nikapepea kwa ukili wa mkeka. Chumbani kaka alikuwa anakoroma kwa namna ambayo sote wawili tuliijua, na hatukuizungumzia.

Nilipowasha mara ya tatu ilisema sentensi nzima. Nikaingia ile hali ambayo programu hutaja kila kitufe bila kukitekeleza, nikavipitia kimoja kimoja, safu kwa safu. Vyote vikajitaja bila kontroli mbele yake. Nikafungua wosia. Ulikuwepo, mpaka "Ndivyo" ya mwisho, ambayo niliiandika kwa kujifurahisha. Betri ilikuwa imebaki asilimia kumi na moja. Nikauhamishia kwenye disketi.

Mwinjilisti alinipakia kwenye baiskeli yake hadi Muleba. Kijana wa duka la uchapaji nilimwomba asisome, na najua alisoma, maana aliacha kupiga mluzi katikati. Nikapitia ofisini kuchukua pedi ya wino. Tulirudi alasiri. Uani kulikuwa na wanawe baba mdogo wamekaa, wanasubiri, wanatafuna kahawa.

Wifi alikuwa kitandani kando ya mumewe. Aliponishika mkono nilijua. Aliniambia sikioni kwamba kaka amekata roho tangu saa nne asubuhi. Kwetu mke akipiga yowe ukoo unaingia, unaichukua nyumba na maiti na funguo. Yeye hakupiga. Tangu saa nne amekaa na maiti, amemeza kilio, kila anayechungulia anaambiwa amelala.

"Amelala?" mwinjilisti akauliza mlangoni.

"Amelala," nikasema.

Akasema maneno ya wosia aliyasikia kwa masikio yake, akaiweka karatasi magotini, akatia sahihi yake ya shahidi, akatoka. Mkono wa kaka ulikuwa umekaza ngumi. Niliufungua kidole kwa kidole, kwa nguvu, na kimoja kililia. Nikalipaka dole gumba wino, nikaligandamiza kwenye karatasi. Miezi baadaye barazani, kwenye kesi ya kibanja, waliniuliza kama nilikuwepo marehemu alipoweka dole. Nikasema nililishika mimi mwenyewe. Kibanja kilibaki kwa wifi na wasichana, na mpaka leo wanakilima.

Alasiri ile nikaufuta wino kwenye dole kwa gongo, nikaificha karatasi kifuani.

"Wifi," nikamwambia, "sasa lia."

Akafungua mdomo. Nilisikia pumzi tu. Akajaribu tena, hakikutoka kitu. Uani mtu mmoja alisimama, nikasikia kiti. Kama wifi angetoka na macho makavu wangejua kwamba mumewe hakufa sasa hivi. Nikampapasa uso mpaka nikalipata shavu, nikampiga kofi kwa nguvu zangu zote, nikampiga na la pili. Ndipo akalia.